Saio Ni Nani?

Kila alfajiri kambi ya reli ya Kamina iliamshwa na vitu viwili: filimbi ya gari-moshi na kelele za ndoo kwenye bomba la maji. Noémie, msichana wa miaka kumi na miwili, hakungoja filimbi. Aliwahi bombani, wala si kwa kupenda kubeba ndoo. Pale ndipo habari zote za kambi zilipopitia, na mtoto huyo alipenda habari kuliko ugali. Maswali yake hayakuwa na mwisho. Kwa nini reli hulazwa juu ya mbao? Kwa nini pasta hukohoa kabla ya kuomba? Nyumbani walimwita Mama Kwa-nini.

Mtu mmoja tu hakuwahi kuyachoka maswali yake, naye ni babu yake, Nkambo Nicodème. Katika nyumba ile babu aliitwa Nkambo, na bibi pia Nkambo. Mzee huyo alikuwa sajini katika vita vya Abisinia mwaka 1941. Aliporudi alipata kazi stesheni, kazi ya kugeuza njia za reli. Alikuwa na mke mmoja, Suzanne, watoto sita, na Biblia moja kuukuu iliyoshonwa upya kwa uzi wa viatu. Kila jioni aliwaombea watu wa nyumba yake kwa majina, mmoja mmoja, kama sajini anayeita askari wake kwenye gwaride. Na mwishoni, siku zote, aliongeza: “Na Saio, Bwana. Usimupite Saio.”

Kulikuwa na jambo jingine. Siku ya Alhamisi hakula chakula cha mchana. Sahani yake aliibeba mwenyewe hadi stesheni, akampa msafiri yeyote mwenye njaa. Noémie alipouliza sababu, alijibiwa, “Ukikomaa nitakuambia.” Basi, ikaja homa ya msimu wa mvua, ikamchukua mzee kabla mtoto hajakomaa.

Mwezi ulipopita, kanisa la Wamethodisti lilipanga Jumapili ya kumkumbuka. Mwalimu Éphraïm alimpa Noémie daftari jipya. “Weye unasoma vizuri kuliko wote,” alisema. “Andika maisha ya nkambo wako, utatusomea kanisani. Uliza bantu waliomujua.” Noémie alitembea na daftari lile kwapani siku nzima, akijiona mkubwa.

Jumanne asubuhi, bombani, rafiki yake Léonie alilichungulia. Kwenye ukurasa wa kwanza palikuwa na maneno matatu tu: Saio ni nani?

“Kweli, Saio iko nani?” Léonie akauliza.

Hapo ndipo mdomo ulipoponza kichwa. Noémie hakujua. Lakini mwenye daftari ataonekanaje mbele ya watu akisema hajui? Akainua kidevu. “Iko mwanamuke,” alisema. “Mwanamuke wa kule Abisinia.”

“Yo! Mwanamuke?”

“Minyi nimekuambia,” Noémie akajibu, akijigusa kifua.

Mama mmoja aliyekuwa akisuuza ndoo aliacha kusuuza. Sasa wewe msomaji ijue Kamina ya wakati ule: ukipiga chafya stesheni, utapewa pole sokoni. Kufika saa sita Saio alikuwa mke wa pili. Kufika jioni alikuwa na watoto wawili. Jumatano mmoja wao alikuwa kijana mkubwa mwenye pua ya Nicodème. “Lisemwalo lipo,” wakasema watu, “na kama halipo, laja.”

Alhamisi habari ilimfikia Nkambo Suzanne. Hakupiga kelele. Alikwenda chumbani, akalichukua gauni jeupe alilokuwa amelipiga pasi kwa ajili ya Jumapili, akalikunja na kulifungia sandukuni.

“Nkambo, unafanya nini?” Noémie akauliza kwa hofu.

“Jumapili siende,” alisema bibi. “Miaka zaidi ya makumi tatu nililala karibu na muntu, kumbe simujue. Bamusifu benyewe. Minyi niko hapa.” Akaketi kitandani, mikono mapajani, akalia bila sauti.

Jambo alilosema Noémie ili aonekane mjuzi lilikuwa limemwibia bibi yake mume kwa mara ya pili. Tena hata kama angekiri kwamba alibuni, swali lingebaki pale pale: Saio ni nani? Akalifungua sanduku la bati la babu. Ndani alikuta nishani, mkanda wa jeshi, na picha ya askari wawili wamesimama bega kwa bega. Nyuma ya picha paliandikwa: Nicodème na Kapenda.

Noémie alimjua Kapenda. Ndiye fundi viatu wa soko la Base, kambi kubwa ya jeshi ya Kamina, na ndiye aliyeshona ile Biblia. Ila Base iko mbali na mji, na ili kufika huko alihitaji baba yake, na ili kumpata baba alihitaji kusema kweli. Alizunguka nyumba mara tatu kabla hajaingia.

Baba yake, Florent, alisikiliza mpaka mwisho. Uso ukamwiva kwa hasira. “Ni weye? Weye, Noémie, njo ulimupaka nkambo wako matope?”

“Njo minyi, tata,” alikiri. “Nisamehe. Lakini tumuulize Tata Kapenda. Nipeleke na kinga yako.” Akaionyesha baiskeli iliyoegemea ukuta.

Florent akaenda kuijaza upepo.

Jumamosi walifika Base jua likiwa limepanda, Noémie matako yakimuuma kwa kukalia chuma. Mzee Kapenda alikuwa chini ya paa la bati, buti la askari mapajani na misumari mdomoni. Noémie alimwamkia, akapiga goti, akamweleza yote bila kujificha. Aliposema “mke wa pili”, mzee alitema misumari yote akacheka hadi nyundo ikamponyoka.

“Saio mwanamuke! Eh, Nicodème, unasikia kule uliko? Mutoto, Saio iko muji. Muji wa kule Abisinia. Njo pale Bataliano, wale askari wa Italia, walijitoa mbele yetu, mikono juu.”

Noémie alishusha pumzi. Lakini mzee alikuwa ameacha kucheka.

“Na mwanamuke,” alisema, “alikuwako.”

Florent alisogea. Noémie alitamani kuziba masikio, na papo hapo alitamani kusikia.

“Mvua ilikata barabara,” Kapenda alianza. “Malori ya chakula hayafike. Miguu yetu ilivimba na njaa. Siku moja, siku ya kazi ine, ile munaita Alhamisi, Nicodème akaanguka mbele ya nyumba ya majani. Akatoka mama muzee, hana hata jino moja, mujukuu mugongoni. Akaleta mahindi ya kupika, nusu kibuyu. Kwanza akajitia punje moja mudomoni, atuonyeshe haiko sumu. Kisha akamulisha Nicodème na mukono wake, sawa mutoto.”

“Alisema nini?” aliuliza Noémie.

“Hakuna neno tulisikilizana. Nicodème akajipiga kifua: ‘Nicodème.’ Kisha akamuonyesha mama kidole, amuulize jina yake. Yule mama akafikiri anaulizwa hapa iko wapi. Akaonyesha chini: ‘Saio.’ Basi Nicodème akashika ile jina. Tulipojua iko jina ya muji, tulimucheka sana! Akatuambia: ‘Muchekelee. Mungu anamujua Saio wangu.’”

Mzee alijifuta macho kwa mgongo wa mkono. “Alipopata nguvu akaona kile chungu cha ndani. Kilikuwa kitupu. Ile njo ilikuwa chakula yao ya mwisho. Nyumba ile ililala njaa sababu yake. Ile haya hakuiweza. Njo maana hakumuambia hata mama Suzanne. Sajini mwenye nishani, amekula punje za mwisho za mutoto!”

Njiani kurudi Florent alikanyaga pedali, na machozi yakimtoka aliyaacha yakauke kwa upepo.

Jioni ile Noémie alipiga magoti mbele ya bibi yake. Kwanza alikiri uongo wake wote, kisha akasimulia habari ya nusu kibuyu. Nkambo Suzanne alisikiliza macho yakiwa ukutani. Mwishowe aliuliza neno moja tu.

“Hana meno, yule mama?”

“Hata moja, Nkambo.”

Bibi akacheka, akalia, akacheka tena. “Ah, Nicodème! Miaka yote ninakupikia Alhamisi, na hukuniambia ninamupikia nani.” Akainuka, akafungua sanduku, akatoa gauni. Lilikuwa limejikunja vibaya. “Washa makaa, mutoto. Tupige pasi.”

Jumapili kanisa lilijaa hadi madirishani. Waliokuja kwa sala walikuwepo, na waliokuja kwa habari ya mke wa pili walikuwa wengi zaidi. Noémie alisimama na daftari. “Kabla ya kusoma,” alisema, “mujue hivi: habari ya mwanamuke wa Abisinia, njo minyi niliianzisha. Niliulizwa kitu, sikukijua, nikasema uongo.” Kisha akasoma: vita, mvua, chungu kitupu, na sahani za Alhamisi. Mama wa ndoo aliinamisha kichwa. Noémie alipofika kwenye punje moja ya mahindi, hakuna aliyekohoa, hata pasta.

Baada ya ibada Mwalimu Éphraïm alimshika bega. “Usiache kuuliza, Noémie. Kuuliza si ujinga. Kosa lako ni kujijibu mwenyewe, kwa sababu uliona haya kusema ‘sijue’. Neno ‘sijue’ halivunje nyumba ya muntu. Uongo unaivunja.”

Noémie akaitikia kwa kichwa. Jioni, kwenye sala, Nkambo Suzanne ndiye aliyeita majina. Aliyamaliza yote, kisha akasema, “Na Saio, Bwana. Usimupite Saio.”

Alhamisi iliyofuata, saa sita mchana, bibi alipakua chakula. Noémie aliisukuma sahani yake kando bila kuigusa, akaifunika kwa kitambaa, akaibeba hadi stesheni. Pale kwenye benchi aliketi mama mmoja mgeni na mtoto mgongoni, akingoja gari-moshi la kwenda Kabalo. Noémie alimpa sahani kwa mikono miwili, kisha akauliza jina lake.