Nywele Ndani ya Kibiriti

Maneno yale niliyasikia saluni kwangu, na kila nilipojaribu kuyatupa yalinirudia. Mimi ni msusi. Mteja mmoja, kichwa chake kikiwa mikononi mwangu, alisema kuna mahali wanachukua unywele wenye mzizi, wanakuoteshea figo jipya.

"Nimesikia kwenye simu," akasema, kana kwamba simu haidanganyi.

Binti yangu wa darasa la sita alikuwa pembeni akichambua nywele bandia. Yeye ni mgonjwa wa figo. Vidonge vilimvimbisha mashavu, na shuleni wakawa wanamwita Puto. Alisikia yote.

Wiki chache baadaye nikamkalisha nimsuke. Chanuo likapita nyuma ya sikio, likakuta ngozi tupu.

"Nani amekunyoa hapa?"

"Nimeng'oa mwenyewe, mama. Za kuoteshea figo." Akatoa kibiriti mfukoni. Ndani, nywele zimepangwa vizuri, mizizi upande mmoja.

"Na vidonge?"

"Natupa chooni. Figo jipya si linakuja? Nani ataniita Puto tena?"

Nikambonyeza mguu. Kidole changu kikaacha shimo. Alikuwa amejaa maji.

Hospitali walimlaza siku hiyohiyo. Uvimbe ulimfunga macho, pumzi ikawa ya kuhesabu. Nilikaa kwenye benchi nimeshika kile kibiriti, sijui nimwombe Mungu nini kwanza.

Alipopata nafuu, daktari, mama wa makamo, akaketi kitandani.

"Mwanangu, umeona mhogo unavyopandwa?"

"Wanakata shina, wanachomeka."

"Basi unaota mhogo uleule. Hiyo ni kloni, nakala ya kiumbe hai. Kwa mnyama ni kazi ngumu zaidi: wataalamu hutoa kiini cha seli ya mwili wake, wanakiweka ndani ya yai lililotolewa kiini chake, ili likue liwe nakala ya mnyama huyo. Mara nyingi yai hufa. Wanatafuta kama njia hiyo itasaidia kuotesha ngozi au viungo ambavyo mwili wa mgonjwa hautavikataa. Wanatafuta, nasema. Figo la kukupa leo halipo."

"Na nywele zangu?"

"Zitaota tena. Figo haliko hivyo."

Binti yangu akageukia ukutani.

Tulirudi naye nyumbani, lakini mafigo yake yamepungua nguvu. Vidonge vimeongezeka, na mashavu nayo. Kabla hatujatoka hospitali, daktari alimshika kidevu: "Unaumwa leo, na dawa ya leo ndiyo hii. Ikikusumbua, njoo uniambie mimi, usikiambie choo."

Wanangu mnaosoma, epukeni haya:

Kuacha dawa bila kumwambia daktari, hata kama inakuvimbisha.

Kuficha uvimbe, au mkojo wenye povu; hizo ni dalili za figo kuumwa.

Kuamini sauti ya mtu usiyemjua kwenye simu.

Kumpa mtu nywele, damu au pesa kwa sababu amekuahidi kiungo kipya.

Kumwita mwenzako Puto.