Kompyuta ya Kukodi na Sauti ya Tshimanga

Asubuhi nyingi Mianda alisogeza kiti chake karibu na meza ya binti yake. Alimenya viazi vitamu huku akitazama kompyuta. Ilikuwa kompyuta ya zamani. Ilinguruma kama kinu cha kusaga mahindi, na bado haikwenda.

Abigaëlle, binti yake, alikuwa akiunganisha video za harusi, za ubatizo na za matanga. Kazi hiyo ndiyo iliyowalisha. Walikaa nyuma ya mtaa wa Kapata, huko Katanga, katika nyumba ya zamani ya wafanyakazi wa mgodi.

"Mama, bukari itaiva mbele ya hii ordinateri kumaliza wimbo mumoja," alisema Abigaëlle.

"Basi tukule ule ugali kwanza. Kompyuta yenyewe haina njaa."

Lakini safari hii kazi haikuwa ya mteja. Tshimanga, mume wa Mianda, alikuwa amefariki. Kabla ya kufa alikaa jioni nyingi mbele ya simu ya binti yake. Alieleza jinsi babu yake alivyoletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Alieleza pia jinsi wao wenyewe walivyofukuzwa Katanga kwa sababu ya asili yao ya Kasai, kisha wakarudi. Abigaëlle alitaka kuunganisha maneno hayo yawe filamu moja, wajukuu waitazame siku ya kumaliza matanga.

Kompyuta ya zamani ilikwama kila mara. Mwenzake wa kwaya akamwonyesha njia nyingine. Mtu anaweza kukodi kompyuta yenye nguvu iliyo nchi ya mbali. Anaituma kazi kwa mtandao, inafanyika kule, yeye anaitazama hapa.

Abigaëlle alijaribu, na kazi ikakimbia. Mianda alipiga makofi. Lakini kompyuta ya nyumbani, alimohamishia video zote za simu, ilikuwa imejaa, na wateja wawili wa harusi walikuwa wakingoja.

"Mama, video za tata Tshimanga ziko kule zote," alisema Abigaëlle. "Nifute za huku, nipate nafasi?"

Mianda alikumbuka cherehani yake. Mwaka ule wa kufukuzwa, aliiacha kwa jirani mwenyeji wa Katanga, mama wa msichana aitwaye Ernestine. Watu walimtukana jirani yule, wakamwita mke wa Bakasai. Aliificha cherehani chini ya magunia ya makaa. Mianda aliporudi baada ya miaka, aliikuta imepakwa mafuta isiote kutu.

"Futa tu, mama," alimwambia binti yake. "Bitu unaachia mwenzako, mwenzako anabichungaka."

Abigaëlle akafuta. Akajaza harusi mbili mahali pale.

Haukupita muda, zamu ya mtaa wao ikafika. Shimo la mgodi lilikuwa likipanuka, na familia zote ziliambiwa ziondoke. Makatapila yalingoja mwisho wa barabara. Mianda na binti yake walipakia vitanda kwenye lori. Katika kiwanja kipya hapakuwa na umeme, na mtandao haukushika. Walilala chini ya turubai wakitafuta mabati. Nani angekumbuka kompyuta ya kukodi? Waliiacha ikiwaka.

Umeme ulipopatikana, Abigaëlle alifungua kompyuta ya kukodi. Alitafuta, akatafuta tena. Hapakuwa na kitu. Alimkimbilia Ernestine, ambaye sasa ni mwalimu wa kompyuta kwenye shule ya parokia.

Ernestine alikuja siku hiyohiyo na mkate chini ya kwapa. Aliwaandikia wenye kompyuta. Jibu likaja: muda waliolipia umekwisha, vyote vimefutwa. Alijaribu kuzitafuta video ndani ya kompyuta ya nyumbani, lakini harusi zile zilikuwa zimeandikwa mahali pake, zikazifuta kabisa.

"Mamawe! Baliiba?" aliuliza Mianda.

"Hapana, mama. Hakuna mwizi. Unaona lori mulikodi? Hata ikisimama bure, saa inahesabiwa mpaka unamwambia dereva aende. Pesa ulilipa ikiisha, anamwaga bitu byako, anaenda kwa mwingine. Ordinateri ya mbali ni vile."

"Lakini mama yako alichunga cherehani yangu."

Ernestine alimshika mkono. "Mama yangu alikuwa anakujua, Mama Mianda. Hawa hawakujui."

Mianda aliinamisha kichwa. "Ni mimi njo nilisema afute."

"Mama, kidole kilifuta ni changu," alisema Abigaëlle, akamfunika mama yake kitenge mabegani.

Ernestine aliwaeleza taratibu. "Kama ya nyumbani ingali nzima, tengeneza yenyewe kwanza. Tunaongeza memori, ili isikwame. Tunabadilisha diski, tunatia ya kisasa, inakwenda mbio. Ya kukodi ni ya kazi nzito ya siku moja, network ikiwa muzuri. Ukimaliza, rudisha kazi yako nyumbani, funga ile ya kukodi, angalia kama imefungwa kweli. Na mbele ya kufuta kitu, weka copy mbili: moja kwako, moja kwa nyumba ingine."

Wakafanya hivyo. Kompyuta ya zamani ikaacha kunguruma. Wateja wakarudi. Mara moja tu, kwa harusi kubwa, Abigaëlle alikodi tena. Alirudisha kazi na kufunga kabla ya jua kuzama.

Siku ya kumaliza matanga ilipita bila filamu. Watu waliimba vizuri, na hakuna aliyeuliza habari ya filamu. Walimhurumia Mianda. Wajukuu ndio waliouliza baadaye: "Kaka ya zamani, ule babu ya babu yetu, alifika huku namna gani?"

Basi Mianda alikaa mbele ya simu, akajaribu. Alieleza safari kutoka Kasai, treni, na baridi ya usiku. "Mwanamke mumoja, hakumujua hata kidogo, akamupa blanketi yake. Jina ya ule mwanamke…"

Akanyamaza. Tshimanga hakukosa kulitaja jina lile kila alipoeleza. Mianda alikuwa akilisikia huku akichekecha unga, wala hakulishika.

"Hapa sijui," alisema mwishowe. "Tata Tshimanga njo alijua."

"Nikate hapo, mama?"

"Usikate. Basikie."

Abigaëlle aliiweka video kwenye kompyuta ya nyumbani. Nakala nyingine Ernestine aliibeba kwake ndani ya mkoba. Zote mbili ni nzima, na kile kimya kimo ndani ya zote mbili.