Mwenye Wimbo

Khatibu aliacha tonge njiani, kati ya sahani na mdomo, akanong'ona jina la mtu. Shamsia, mkewe, akageuka kuona nani kaingia. Hapakuwa na mtu. Mvua ilikuwa ikinyesha Kasulu tangu asubuhi, na redio ya dukani ilikuwa imeanza kupiga ule wimbo wao katika kipindi cha salamu.

"Umemwita nani, Baba Zena?"

"Mimi? Sijamwita mtu."

Akala tonge lake. Lakini chumbani ilibaki harufu ya ngozi mbichi ya ng'ombe iliyolowa, na wiki ile hawakuwa wamekula nyama.

Waliuita wimbo wao, ingawa haukuwa wao. Aliyewaletea ni Nsabimana, mkimbizi aliyevuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, mtu mkimya aliyepiga inanga, ule ubao wenye nyuzi za mishipa ya ng'ombe, huku akiimba kwa kunong'ona kama desturi ya kwao. Khatibu, aliyeuza santuri na betri, alimrekodi palepale dukani kwa mashine yake ya kanda. Kabla ya kugusa nyuzi, Nsabimana alinong'ona jina.

"Hilo usilikate," akamwambia. "Wimbo si wangu. Mwenyewe alinipa kule mtoni, na sharti lake ni atajwe kila unapopigwa."

Khatibu akalikata. Santuri haina nafasi ya maneno mengi, alisema. Kanda akampa Stanislaus, kiongozi wa bendi moja ya Kigoma, naye akatia magitaa na kuupeleka Nairobi. Kampuni ya santuri huko ikataka mtu wa kutia sahihi kwamba wimbo ni wake, asije akazuka mwingine kudai. Khatibu akatia sahihi. Nsabimana hakuulizwa. Nani angejisumbua kumuuliza mkimbizi? Wimbo ukapendwa, ukavuma kutoka Kibondo hadi Tabora.

Baada ya adhuhuri ile ya mvua, kila redio ilipoupiga wimbo, Khatibu alinong'ona. Wakaiuza redio. Akaendelea. Alinong'ona akipimia watu sukari, alinong'ona akinyolewa, na Ijumaa moja alinong'ona msikitini katikati ya sijda, jina lile ambalo halitaandikwa hapa, na watu wa safu yake wakasikia chini ya pumzi zao mlio wa uzi mmoja ukichunwa, ukachunwa tena, nao hawakujua umetoka wapi, ila mtu wa kushotoni kwake aliapa baadaye kwamba ulitoka ndani ya mbavu za Khatibu.

"Kuna mtu mahali fulani kaweka sindano kwenye santuri," Khatibu alimwambia mkewe, ameketi ukingoni mwa kitanda. "Kila wanapoupiga, ananiamsha. Na baa za nchi hii hazifungi, Mama Zena."

Macho yake yalikuwa yameingia ndani. Shamsia naye alikuwa amechoka; mwenye kulala na mtu asiyelala, halali.

Akapanda lori hadi kijiji alichohamia Nsabimana, kwenye njia ya Kibondo. Alimkuta akipalilia maharage, amenawiri, shavu limejaa.

"Amahoro, mama," alimsalimu kwa lugha ya kwao.

"Nsabimana, baba, tunakuomba. Mchukue mtu wako."

Nsabimana aliegemea jembe. Alionekana kuona haya kwa atakalosema. "Mmempeleka mbali, mama. Mikono yangu miwili haifiki huko. Mimi tangu ujana nilikuwa silali. Sasa nalala."

Wakaandikia kampuni wakiomba jina la Khatibu kwenye wimbo libadilishwe. Jibu likaja kwamba mwenye wimbo afike Nairobi mwenyewe, mbele ya wakili, na kitambulisho chake. Khatibu alicheka aliposomewa, kicheko cha mtu aliyeishiwa, na katikati ya kicheko akanong'ona.

Ndipo wakamwita Mwalimu Athuman, mtoa majini aliyejulikana mjini kote. Alikuja baada ya alasiri, akafukiza ubani, akasoma, akasoma tena mpaka jasho likamtoka. Harufu ya ngozi mbichi ikaushinda ubani. Midomo ya Khatibu ilikuwa imefumba, lakini mnong'ono ukatoka, mkavu, usio na haraka.

"Nani wewe?" Mwalimu Athuman aliuliza.

"Mwenyewe."

"Umeingiaje kwa mja huyu?"

"Kwa sahihi. Amesema wimbo ni wake. Basi na sharti ni lake."

"Toka."

"Zikusanye santuri zote kwanza. Nitatoka."

Mwalimu Athuman akafunika chetezo. "Jini mwizi namtoa," alimwambia Shamsia kwa sauti ya chini. "Huyu hakuiba kitu."

Shamsia alipiga magoti kwenye mkeka, mbele ya mumewe. "Basi mwache alale," alimwambia yule aliyemo ndani. "Sikuombi jingine. Mwache huyu mwanamume alale."

Uzi ukachunwa mara moja. Harufu ikahama kutoka kwa Khatibu, ikasogea upande wa Shamsia, kama mtu aliyegeuza uso kumtazama.

Kesho yake mchana Khatibu alikuwa bado amelala, mdomo wazi, akikoroma kama mtoto mwenye mafua. Shamsia alifungua duka peke yake. Mvua ilikuwa imekata. Mwanamke mmoja akaja kununua sabuni, akapokea mche wake, lakini hakuondoka.

"Unasemaje, mama?" mteja aliuliza.

"Sijasema kitu."

"Umesema. Umemtaja mtu."

Shamsia alishika koo lake. Lilikuwa baridi, na chini ya vidole vyake kitu chembamba kilitikisika, kikatulia. Midomo ikafunguka tena bila yeye. Mteja akarudi nyuma, akatoka bila kuaga.

Kule chumbani, nyuma ya duka, Khatibu aligeuka ubavu, akavuta shuka. Shamsia akainuka, akaufunga mlango wa chumba polepole, asije akamwamsha.