Ukanda wa Kitambi

Fundi wa nguo alikuwa na paka mweusi, mnene, mwenye kifua cheupe. Mume wake ndiye aliyempa jina. "Huyu ana kitambi kunishinda mimi!" alisema. Basi paka akaitwa Kitambi.

Kitambi alikuwa na miaka kumi na miwili. Kila asubuhi alilala ndani ya kapu la vipande vya vitambaa, kando ya cherehani. Cherehani ikilia, yeye anakoroma. Shingoni alivaa ukanda mwekundu alioshonewa na fundi mwenyewe.

Mwaka huo ukanda ukaanza kupwaya. Fundi akaupunguza. Baada ya miezi miwili ukapwaya tena, akaupunguza tena. Ndivyo mkono wake ulivyozoea: nguo ikipwaya, hupunguzwa. Hakujiuliza shingo imekwenda wapi.

Kisha Kitambi akashikwa na kiu ya ajabu. Alimaliza bakuli lake, akahamia kwenye beseni la kufulia. Akawa anakojoa ovyo, na siku moja akakojolea gauni jeupe la bibi harusi. Fundi akashika kichwa.

"Asiyekunywa hakojoi," alimwambia mumewe. "Naficha maji. Atapata kidogo jioni tu."

"Mke wangu, hata gari halinyimwi maji."

"Gari halikojolei magauni!"

Siku ya tatu, jirani yao, daktari wa mifugo, alikuja kuchukua koti lake lililofupishwa mikono. Alimkuta fundi anapiga pasi. Pembeni, Kitambi alikuwa akiramba kitambaa kilicholowa cha kupigia pasi. Aliramba, akaramba, hakuinua kichwa.

Daktari akasahau koti. Akavuta ngozi ya Kitambi taratibu, akaiachia. Ngozi ilichelewa kurudi.

"Shangazi, huyu anakunywa maji wapi?"

"Nimeyaficha, mwanangu. Anakojoa kupita kiasi."

"Mrudishie sasa hivi. Anakunywa sana kwa sababu anapoteza maji mengi. Figo zikichoka, haziwezi kuyatunza maji ya mwili. Ukimnyima, anakauka. Tumpeleke kliniki leo leo, nimpime damu na mkojo."

Fundi akautazama ukanda. Mishono miwili ya kupunguza ilionekana wazi. Machozi yakamlengalenga. "Alikuwa anakonda mbele ya macho yangu," alisema, "nami nashona tu."

Vipimo vilionyesha ugonjwa sugu wa figo.

"Atapona?" fundi aliuliza, roho juu.

"Figo hazirudi kuwa mpya, shangazi. Lakini akitunzwa anaweza kuishi vizuri, pengine miaka. Maji safi yawepo kila wakati. Mpe chakula laini cha paka wenye figo dhaifu. Kichanganye na cha zamani, ukiongeza kidogo kidogo, asije akakisusa. Vidonge vya maumivu vya watu usimpe kamwe, vinaweza kumuua. Na mara mbili kwa wiki utamtia maji haya ya dripu chini ya ngozi kwa sindano. Kiasi nimeandika, usizidishe."

Fundi akarudi nyuma. "Sindano? Mimi?"

Mumewe, aliyekuja nao kliniki, akaangua kicheko. "Miaka ishirini unashika nini?"

"Nguo haina roho, wewe!"

"Inua ngozi hapa mabegani," daktari alisema, "kama unavyoshika rinda. Sindano inaingia chini ya rinda."

Rinda! Hilo fundi alilijua. Vidole vyake vikatulia, akainua ngozi, akaingiza sindano. Kitambi alikuwa anakula, wala hakugeuka.

"Kumbe!" fundi alisema. Alijisikia mshindi.

Nyumbani, mabakuli ya maji yakaenea: jikoni, sebuleni, mlangoni, chini ya cherehani. Mume akakanyaga moja, soksi ikalowa chapachapa. "Tumehamia ziwani?" alilalamika, kisha akalijaza upya. Sanduku la mchanga likawekwa karibu na kapu, na magauni yakapanda juu ya kabati.

Kila Jumamosi fundi alipanda mizani peke yake, kisha akapanda amembeba Kitambi. Walitoa uzito wake, wakabaki na wa paka. Mume aliandika ukutani kwa chaki ya kukatia nguo. Wiki za kwanza namba haikusogea. Kisha ikapanda kidogo. Ikapanda tena.

Mwezi wa tatu wa matibabu, fundi alijaribu kupitisha kidole chini ya ukanda. Hakikupita. Akajaribu tena, akapiga kelele za furaha mpaka daktari akaja mbio kutoka kwake.

"Kuna nini, shangazi?"

"Unambana! Ukanda unambana!"

Akachukua wembe, akauvua ukanda, akafumua mshono mmoja, akamvalisha tena.

"Fundi mzima, ulikosea kipimo?" mume alimtania.

"Nilikosea," alisema akicheka. "Sasa narekebisha."

Akasogeza bakuli karibu na kapu. "Mshono wa pili tutaufumua ukifika wakati wake. Kunywa maji, mzee wangu."

Kitambi akajinyoosha, akanywa.