Jezi Isiyo na Jina

Ijumaa ya kuamkia mechi, mtu mwenye akili zake hakanyagi duka la Chuo Kikuu cha Tolliver. Nje, egesho zima la magari limejaa moshi wa mbavu zinazochomwa. Ndani watu wanasukumana, wanagombea kofia, vikombe na bendera za Nyigu, timu ya chuo ya mpira wa Kimarekani, na zaidi ya vyote wanagombea jezi ya njano yenye namba ishirini na saba. Jezi hiyo haikuwa na jina mgongoni. Kanuni za miaka ile zilikataza jina la mwanafunzi kuuzwa, basi chuo kikauza namba, na Alabama nzima ikajua namba ni ya nani.

Alabama nzima, isipokuwa Renita Pettway.

Renita alikuwa amehamia Tolliver kutoka Mobile majira hayo ya joto, akae kwa shangazi yake na asome uuguzi jioni. Mchana aliuza dukani. Hata sare ya duka, fulana ya njano isiyompendeza mtu, yeye aliipindua mikono na kuifunga fundo kiunoni ikawa vazi. Masikioni heleni za duara, midomoni rangi ya zabibu, na ulimi wake haukuwa na likizo.

"Kaka, watu wanakusubiri. Unanunua, au unaisomea hiyo bei?"

Aliyeambiwa alikuwa kijana mrefu, mabega mapana, amejifunika kofia ya sweta la kijivu, miguuni ndala na soksi nyeupe. Alikuwa ameshika jezi ya ishirini na saba.

"Naisomea, bibie. Nilidhani nikiikazia macho itaona aibu ishuke."

"Bei za hapa hazina aibu. Unajinunulia?"

"Bibi yangu. Jumapili ni sikukuu yake ya kuzaliwa."

"Bibi naye anamshabikia huyo mchezaji?"

"Mno. Mimi mwenyewe simwelewi. Naona ana maringo tu."

"Wote wana maringo!" Renita alidakia. "Huyo ndiye zaidi. Picha yake wameibandika nyuma yangu kutwa nzima inanichungulia, halafu uso wenyewe hauonekani. Helmeti na vyuma vya mdomoni. Akija hapa sasa hivi nitamjuaje?"

Kijana aliitazama ile picha, akamtazama Renita, akacheka hadi kofia ya sweta ikataka kumvuka. Kisha akapapasa mifuko yake, cheko likamkauka, na akaanza kuikunja jezi airudishe. Aliikunja taratibu, kwa adabu, na Renita akaingiwa na huruma ambayo hakuiomba.

"Lete hapa," alisema. Wafanyakazi walikuwa na punguzo kubwa, ila lilikuwa lao na familia zao tu. Mashine ya malipo ilipouliza kama mnunuzi ni familia, Renita akabonyeza ndiyo. "Leo wewe ni binamu yangu wa Mobile. Ukiulizwa, wewe mtoto wa Shangazi Pearl."

"Shangazi Pearl hajambo?"

"Magoti tu. Toka, unanizibia foleni. Unaitwa nani?"

"Cortez."

Kesho yake runinga ya dukani ilikuwa ikionyesha mechi. Namba ishirini na saba alichomoka katikati ya miili, akakimbia uwanja mzima peke yake, na duka likalipuka kwa mayowe. Kamera ikamfuata pembeni, akavua helmeti ajimwagie maji.

"Jamani!" Renita alishika kichwa. "Binamu yangu!"

Mwenzake wa kaunta alimwona kapagawa.

Jumatatu Cortez alirudi dukani na kipande cha pai ya njugu za pekani alichotumwa na bibi yake, na kutoka hapo hawakuachana. Cortez alimpenda kwa sababu moja aliyoirudia kila siku: katika mji ule mzima, Renita peke yake alimwonea huruma kabla ya kujua kwamba yeye ni nani. Renita naye alimpenda kwa kicheko chake, kwa mikono yake mikubwa iliyoshika kikombe kwa woga, na kwa kuwa alimpigia bibi yake simu kila asubuhi.

"Hebu niambie, bebi," Renita alimwuliza jioni moja, wako chumbani kwake Cortez wanakula tambi za pakiti. "Picha yako iko kwenye basi. Namba yako iko kwenye vikombe, leso, hadi nguo za mbwa. Na wewe unakula tambi."

"Nimelipiwa masomo."

"Na mimi nimepewa fulana ya njano. Nauliza hela za vikombe."

"Sasa nikilipwa mimi, yule Dewitt anayesimama mbele yangu akiumizwa ili mimi nipite, atalipwa na nani? Nani anamjua Dewitt?" Cortez alichezesha uma. "Lakini kweli, kuna usiku nawaza. Muuza magari alitaka nipige picha na gari lake. Picha moja tu, dakika chache. Ingemtengenezea bibi paa. Nikisema ndiyo, nafungiwa. Kwa hiyo nasubiri. Msimu huu mmoja tu, mpenzi. Mwezi wa nne timu za kulipwa zinachagua watu wao. Nikicheza mpaka mwisho, nachaguliwa. Nisipocheza, hakuna atakayenikumbuka."

"Utacheza. Nani wa kukuzuia?"

Wa kumzuia alikuwa bibi yake, Bibi Odessa, na alifanya hivyo kwa upendo. Bibi huyu alikuwa mtu wa shukrani. Kanisani kwao ukimpa kiberiti atasimama mbele ya waumini akutaje. Basi alipofundishwa Facebook na wanakwaya, akajipiga picha amevaa jezi ya njano juu ya gauni la kanisani, akaandika: Mjukuu wangu Cortez ndiye kaninunulia, na yule binti mzuri wa duka la chuo kampunguzia bei ya wafanyakazi, Mungu ambariki na ampe mume mwema.

Kabla ibada haijaisha, mashabiki wa watani wa jadi walikuwa wameshaiona. Hawakucheka wala hawakutukana. Wakaipeleka kunakohusika.

Mchezaji hakuruhusiwa kufaidika na sifa zake hata kwa punguzo la jezi, na jezi yenyewe kuwa ni yake haikumsaidia kitu. Cortez na Renita waliitwa ofisi ya kanuni kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja akaonywa: msizungumze mpaka mmehojiwa wote. Renita alipiga simu hivyo hivyo. Haikupatikana. Akapiga tena, akapiga akiwa darasani, akapiga akiwa bafuni maji yanamwagika. Kocha alikuwa ameichukua simu ya Cortez.

Bwana Whitlock, mkuu wa ofisi ile, alikuwa mzee mpole mwenye tai ya njano. Alimwekea Renita chai baridi mbele yake.

"Binti, sina nia mbaya nawe. Watu wanadhani kanuni hizi ni roho mbaya. Ukiruhusu leo punguzo, kesho tajiri mmoja atanunua kikosi kizima, na wale watoto watakuwa bidhaa." Akasogeza karatasi zake. "Nieleze tu. Siku ile dukani, mlikuwa mnajuana?"

Renita alikuwa amekesha akilitafakari swali hilo. Akaona ukweli ndio utakaomwokoa mpenzi wake. Punguzo ni kosa likitolewa kwa sababu ya umaarufu, naye umaarufu hakuujua. Alinyoosha mgongo, akasema kwa sauti kavu kabisa:

"Hapana, bwana. Sikumjua hata kidogo. Nilimwona kijana anamnunulia bibi yake zawadi, basi."

"Hamkuwa wapenzi?"

"Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona."

Bwana Whitlock akavua miwani, akafumba macho kidogo. Zawadi ya mpenzi mliyejuana zamani iliruhusiwa. Cortez alikuwa amehojiwa asubuhi ile, na alipoona mlango huo mdogo uko wazi akajipenyeza humo. Alisema yeye na Renita walikuwa wachumba tangu majira ya joto.

"Kwa ajili ya punguzo angekosa mechi chache," alisema Bwana Whitlock, na kweli alionekana ameumia. "Kwa kuidanganya ofisi, ni msimu wote. Siwezi kufanya kitu, binti. Ningeweza ningefanya."

Renita alitoka pale. Cortez alikuwa amerudishiwa simu yake; mlio wake ulimkuta Renita kwenye ngazi.

"Umewaambia nini, Renita?"

"Ukweli! Nimewaambia ukweli, mpenzi, nilidhani..."

"Nani alikuomba ukweli?" Sauti yake ilikuwa ndogo, na Renita angependa apige kelele. "Nimekusubiri uninyanyue, umenimaliza."

"Ningejuaje umesema nini? Simu yako ilikuwa imezimwa! Nimepiga mpaka nimechoka!"

"Kama kweli unanipenda ungejua cha kusema."

"Nimewaambia sikukujua, Cortez. Si ndicho ulichonipendea?"

 

"Ndicho," alisema Cortez. "Na ndicho kilichoniua." Akakata.

Msimu ukaenda. Watu walimzomea Renita dukani, wengine wakamtemea maneno yasiyoandikika, kisha wakamlipa na kuondoka na jezi ya ishirini na saba, maana haikuacha kuuzwa hata siku moja. Meneja alimnyang'anya punguzo kwa msimu huo, akamwachia kazi. Runingani namba ishirini na saba alisimama pembeni ya uwanja amevaa suti ya kuazima, mikono mfukoni, anawapigia wenzake makofi. Renita alimpigia, akamwandikia, akampelekea pai. Pai ilirudi. Mwezi wa nne timu za kulipwa zilichagua watu wao, majina yakasomwa mpaka yakaisha, na la Cortez Boykin halikusomwa. Wiki hiyo hiyo akaondoka Tolliver bila kumuaga.

Renita alimaliza uuguzi, akaajiriwa hospitali, na Jumamosi akaendelea na duka. Wenzake walidhani ni tamaa ya pesa. Yeye alijua anachosubiri, na alijionea aibu kwa kukisubiri. Wanaume walimtaka, mmoja fundi bomba mzuri tu, mstaarabu. Alitoka naye kula, akarudi akalia kwa sababu mtu yule hakuwa na kosa lolote.

Kisha kanuni zikabadilika, ghafla, katika wiki moja ya kiangazi. Wachezaji wakaruhusiwa kuuza majina yao na nyuso zao. Namba ishirini na saba mpya, mtoto wa miaka kumi na tisa ambaye ndio kwanza ameanza, alipigwa picha akikumbatia gari la yule yule muuza magari, bango likasimamishwa njia kuu. Duka nalo likaleta mashine ya moto ya kubandika majina mgongoni. Renita ndiye aliyefundishwa kuitumia. Siku nzima alibandika majina ya watoto wa watu, na moyo wake ukawa mzito kwa jina moja ambalo hakuna aliyeliagiza.

Ijumaa moja ya kuamkia mechi, foleni imefika mlangoni, Renita akauliza bila kuinua uso: "Namba?"

"Ishirini na saba."

"Jina?"

"Boykin."

Mikono yake ikasimama. Cortez alikuwa amevaa koti la kazi lenye vumbi la mbao, maana siku hizi aliendesha lori la magogo kule kwao, na alikuwa amekonda usoni. Macho yalikuwa yale yale.

"Bibi amefariki," alisema Cortez. "Mwezi uliopita."

"Oh, Cortez. Pole. Pole sana."

"Tumemzika na ile jezi. Aliusia mwenyewe. Hakujua kamwe kwamba maneno yake ndiyo yaliyotuponza. Sikumwambia. Mpaka mwisho alikuwa ananiuliza, yule binti mzuri wa dukani yuko wapi, mbona humleti?" Akapangusa vumbi la koti. "Nilimlaumu mtu aliyesema ukweli, Renita, kwa uongo wangu mimi. Na ukweli wenyewe ulikuwa ni kwamba ulinitendea wema bila kunijua. Nimeshindwa kuja kwa aibu. Kila wiki napita na lori hapo njia kuu, nachelea kukata kona."

"Kila wiki?"

"Kila wiki."

"Mjinga wewe," alisema Renita, na machozi yakamharibia wanja. "Mjinga, mjinga. Unajua Jumamosi ngapi nimesimama hapa?"

"Wapendwa, kuna watu nyuma huku," mama mmoja alilalamika.

"Watasubiri!" Renita alimjibu.

Aliitandaza jezi kwenye mashine, akapanga herufi moja moja na kuzikandamiza. Boykin. Lilitoka jeupe, zuri, limenyooka, na halingemletea senti tena mtu yeyote. Wote wawili walilitazama. Hakuna mechi iliyorudi, hakuna mtu atakayemwita Cortez mwezi wa nne, na mtoto wa kwenye bango hakuwa na kosa.

"Nataka na ya pili," alisema Cortez. "Jina hilo hilo."

"Ya nani?"

"Saizi yako."

Yule mama mwenye haraka alisogea asikie vizuri. Cortez alikuwa ameshika kaunta kwa mikono miwili.

"Sina paa, Renita, sina timu. Nina lori ambalo si langu na hilo jina hapo. Kama utalivaa."

Renita alitandaza jezi ndogo, akapanga herufi zile zile, akaikandamiza, akaivaa juu ya fulana yake ingali na joto. Kisha akazipiga bei zote mbili kwenye mashine ya malipo, nayo ikamwuliza lile swali lake la siku zote, kama mnunuzi ni familia.

"Usinifanyie punguzo," Cortez alimwambia haraka. "Tafadhali. Nitalipa yote."

"Nyamaza," alisema Renita, akabonyeza ndiyo.