Ripoti ya Mashine ya Valence

Jumamosi asubuhi, pale Lizaboni, huhitaji kuuliza mashine ya Valence ilipo. Fuata ngurumo, fuata harufu ya unga wa moto, halafu fuata wanawake. Emerensiana alifika saa mbili na robo, debe la mahindi kichwani juu ya kata ya kanga, begi la kompyuta begani, gauni lake la kitenge cha bluu likiwa limefunikwa nusu na sweta jekundu, maana baridi ya Julai ya Songea haina adabu. Aliutazama mstari mrefu wa madebe yaliyopangwa sakafuni. Akatazama saa. Akaenda mbele kabisa, akatua la kwake.

"Dada," sauti ya kiume ikamfuata, "hilo debe lako limepita njia gani?"

Aligeuka. Mbele yake alisimama mwanaume mrefu, mweupe kwa unga kuanzia kofia mpaka nyusi, anacheka.

"Nina darasa saa tatu, kaka yangu. Nisaidie."

"Wewe ni mwalimu?"

"Mwanafunzi. Nasoma digrii ya biashara, jioni na Jumamosi. Siku nyingine niko dukani nauza mbolea na mbegu."

"Vizuri sana. Sasa rudisha debe nyuma, uende ukasome."

"Na kwenye foleni atakaa nani?"

"Debe. Hapa debe likiwa kwenye mstari, ni mtu."

Wanawake wakaangua kicheko. Emerensiana alirudisha debe nyuma huku amenuna, akaondoka akiwa na hakika kwamba atalikuta limeibwa. Saa saba mchana alilikuta pembeni, limejaa unga, limefunikwa kwa kanga yake mwenyewe na fundo limefungwa vizuri.

"Mwambie mwalimu wako kwamba debe limefaulu," Valence akasema.

Jamani, mapenzi mengine yanaanza kwa maua. Haya yalianza kwa dona.

Wiki ile ile namba za simu zilibadilishana zenyewe, na kila jioni Emerensiana akitoka darasani simu ilikuwa inaita.

"Meneja, leo wamekufundisha nini?"

"Masoko. Wanasema mteja ni mfalme."

"Kwangu wafalme wote wamevaa kanga. Umekula?"

"Bado, mpenzi."

"Basi kata simu ule. Digrii haishibishi."

Mwaka ukapita hivyo. Zulfa, binti kutoka Nalasi aliyekaa naye dawati moja, alishaanza kumwita Valence shemeji, na mama yake Emerensiana hakuwa anapeleka mahindi kwenye mashine nyingine yoyote.

Ukafika mradi wa mwisho. Digrii yao ilikuwa ya kazi kwelikweli. Kila mwanafunzi achague biashara halisi, akae nayo wiki nne, aandike ripoti ya nguvu zake, udhaifu wake na fursa zake, kisha mmiliki asome, asaini na kugonga muhuri. Bila saini huwasilishi mbele ya jopo, na usipowasilisha unasubiri mwaka mwingine. Emerensiana hakuwa na mwaka mwingine. Tajiri wake alikuwa anafungua duka jipya Namtumbo na alishamwambia wazi: ukimaliza digrii mwaka huu, unalisimamia wewe. Usipomaliza, natafuta mtu.

Akachagua mashine ya Valence. Angechagua ipi tena? Wiki nne alikaa pembeni na saa mkononi, anapima dakika, anajaza majedwali. Mwalimu alikuwa ameonya kwamba ripoti isiyo na udhaifu itarudishwa, basi Emerensiana akautafuta udhaifu kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka. Akaandika:

Kwanza, mmiliki aliishia kidato cha pili. Pili, hakuna namba za foleni, wateja huacha madebe na kuondoka. Tatu, uamuzi wa nani ahudumiwe mapema hufuata huruma ya mmiliki. Inapendekezwa zitolewe namba na kila mteja asubiri mwenyewe.

Ijumaa asubuhi akampitishia ile ripoti. "Mpenzi, soma usaini, nimechelewa kazini!" Akambusu shavuni, akadandia bodaboda.

Ripoti ilirudi jioni, imeletwa na mama yake aliyekuwa amekwenda kusaga. Ina saini, ina muhuri, haina hata salamu. Emerensiana akapiga simu. Haikupokelewa. Akapiga tena.

"Haloo."

"Vale! Asante, mpenzi wangu. Umeionaje?"

"Nimeiona. Samahani dada, niko kazini."

Dada! Mwaka mzima alikuwa Meneja, leo dada. Emerensiana alibaki ameshika simu sebuleni, na hapo ndipo alipokumbuka ukurasa wa kumi na moja. Mama weee. Alikuwa amemwandika mwanaume wake kwenye safu ya udhaifu, tena akiwa namba moja.

Siku nne Valence hakupokea simu. Jumanne darasani Zulfa akamvuta pembeni.

"Umepita kwa shemeji?"

"Hanitaki, Zulfa."

"Kapite. Ametekeleza ripoti yako yote, na wallahi sijapenda nilichokiona."

Jumatano mchana Emerensiana akaomba ruhusa dukani, akaenda. Mashine ilinguruma, ila mstari wa madebe haukuwepo. Ukutani palining'inia kadi zilizokatwa kwenye maboksi, zimeandikwa namba kwa kalamu nene. Wanawake wachache walikaa kwenye mabenchi, kila mmoja amekumbatia debe lake. Bibi Adela, ambaye hata wajukuu zake wana watoto, alikuwa amejikunja ndani ya blanketi upande wa upepo, kadi mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hizi namba nasikia umezileta wewe."

"Ndiyo, bibi."

"Mimi naacha debe, naenda kulala kidogo, narudi nakuta unga. Sasa niko hapa tangu saa nne kwa sababu ya hiki kipande cha boksi. Nikiondoka, namba inapita. Wenzangu wamehamia mashine ya kule bondeni. Ulituuliza, mjukuu wangu?"

Hakuwa amewauliza. Wiki nne alikaa nao na hakumuuliza hata mmoja. Alikuwa anahesabu dakika. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Ripoti ilitakiwa chuoni kesho saa nne asubuhi, tena ilikuwa na saini na muhuri tayari. Angeweza kuipeleka vilevile na maksi zake angepata. Alijua hivyo, na alijua pia kwamba hataweza.

Akafungua kompyuta palepale kwenye benchi.

"Mama, ukiacha debe hapa huwa unakwenda wapi?"

"Sokoni, nauza maharage."

"Na wewe, dada?"

"Kliniki na mtoto. Debe ndilo linanisimamia."

Akaandika na kufuta, akafuta na kuandika, vidole vimekufa ganzi. Valence alimwona. Alipita mara tatu na koleo la pumba, akijifanya hamwoni. Saa kumi na moja Emerensiana alirudi kutoka stesheneri ya kuchapisha na karatasi za moto, akasimama mlangoni.

"Vale, naomba saini nyingine."

"Si nilishasaini?"

"Ile ilikuwa ya uongo. Ilikuwa na majedwali mazuri, ila ya uongo."

Valence akazima mashine. Ukimya ulivyoingia, wanawake wote wakageuza shingo bila aibu. Valence akajipangusa mikono, akasoma polepole. Foleni ya madebe ilikuwa imehamia kwenye nguvu za biashara. Huruma ya mmiliki vilevile. Akafika mwisho, akarudi nyuma.

"Ile ya kidato cha pili mbona umeitoa?"

"Nimeitoa kwa sababu nilikuumiza."

"Irudishe. Ni kweli, niliishia kidato cha pili, kila mtu hapa anajua." Akamrudishia karatasi. "Eme, hukunikosea kuiandika. Ulinikosea kunipa karatasi nisome peke yangu kama mtu wa ofisini usiyemjua. Ungekaa. Ungenisomea mwenyewe, unaniangalia."

Machozi yakamtoka Emerensiana, hakuyazuia. Akakaa kwenye gunia, akamsomea ripoti yote kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, unaniangalia nakuangalia, na kile kidato cha pili akakirudisha kwa kalamu.

"Nisamehe, mpenzi wangu. Nilikuwa na haraka ya kuwa msomi."

"Nimekusamehe. Na kwenye fursa ongeza: mmiliki ameanza masomo ya QT ya jioni, afike kidato cha nne."

"Wee! Lini?"

"Juzi Jumatatu. Ulikuwa umeniudhi sana." Akacheka, unga ukamdondoka kwenye nyusi. "Bibi Adela! Leta hiyo kadi nikawashie moto."

Jumamosi ya jopo, wamiliki wa biashara walialikwa. Valence alikaa nyuma karibu na Zulfa, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linakata, na kwa mara ya kwanza Emerensiana aliona kwamba nywele zake kumbe ni nyeusi. Akaweka slaidi ya kwanza. Kabla hajafungua mdomo, mwenyekiti wa jopo, Dokta Pamela, mama asiyejua kutabasamu, akainua fomu.

"Kuna swali hujajibu. Je, mtafiti ana uhusiano na mmiliki?"

Emerensiana alijua linalokuja. Akisema ndiyo, jopo linaweza kuiona ripoti nzima kuwa ya upendeleo, na duka la Namtumbo likaenda na maji. Akisema hapana, atakuwa amemkana Valence mbele ya watu, naye amekaa palepale anamsikia.

"Ndiyo, Dokta. Upo."

"Upi? Kuna visanduku hapa. Ndugu, mwajiri, mshirika, mchumba, mke au mume."

Emerensiana akavipitia visanduku kimoja kimoja. Hapakuwa na kisanduku cha mwanaume anayekupigia kila jioni kuuliza umekula.

"Dokta," sauti ikatoka nyuma. Valence alikuwa amesimama. "Weka mchumba. Mjomba wangu Otto anapeleka barua ya posa kwao kesho, baada ya misa ya pili."

"Hee!" Emerensiana akaruka. "Ndiyo kwanza nasikia!"

"Sasa umesikia," Dokta Pamela akasema, kalamu ikiwa imesimama juu ya fomu. "Upendeleo tutautafuta wenyewe kwenye kurasa zako, tukiuona tutaukata. Mimi nataka jibu. Niweke tiki, nisiweke?"

"Weka, Dokta," akasema, akimtazama Valence. "Weka."

Zulfa akapiga kigelegele mpaka walimu wa chumba cha pili wakachungulia. Dokta Pamela akaweka tiki, akasubiri kelele ziishe, akavaa miwani yake.

"Haya, tunakusikiliza. Una dakika ishirini."

Slaidi zilikuwa kumi na mbili. Emerensiana akajifuta machozi kwa kiganja, akaanza, na hakukosea hata moja.