Nyota Zimelingana, na Damu Je?

Sisi ni wafumaji wa Bargarh. Kwetu asubuhi huanza na nyuzi. Mume wangu Bimbadhar hukaa kwenye mtambo wa kufumia, mimi hufunga nyuzi kabla hazijatiwa rangi, na binti yangu Jema hupika wali. Wakati huo mjukuu wetu Munu alikuwa kwetu pia. Munu ni mtoto wa Sebati, binti yangu mkubwa. Ana selimundu. Maumivu yakimshika kwenye mifupa, hulia mpaka sauti inakauka. Jema ndiye aliyekuwa akimbeba.

Mwezi huo Jema alipata mchumba. Kijana aliitwa Dhaneswar, wa kijiji cha ng'ambo ya mfereji. Ukoo wake si wetu, kazi anayo, heshima anayo. Kuhani alilinganisha nyota zao, akatoa alama ishirini na tisa kati ya thelathini na sita. Nilifurahi, acha tu. Ilibaki nirbandha, siku ambayo baba wawili huenda hekaluni kupeana ahadi. Kwetu ahadi hiyo ikishatolewa, kuivunja ni aibu ya miaka. Tulipanga Alhamisi.

Lakini nilikuwa na siri. Mwaka uliopita vijana wa kijiji walipimwa damu, na Jema akapewa kadi. Kadi ilisema ni mbebaji wa selimundu. Niliificha chini ya sari zangu. Nikajiambia nyota zimelingana, ukoo ni tofauti, yatosha. Nani atamtaka msichana mwenye karatasi ya ugonjwa? Hata mume wangu sikumwambia.

Jumatatu akaja jirani yetu Ketaki, mhudumu wa afya wa kijiji, aliyesimamia upimaji ule wa damu. Yule mama haoni haya kuuliza. Alikunywa chai, akasifu rangi za nyuzi zangu, kisha akataka kujua kama Dhaneswar amepimwa damu. Nikamwambia asituletee uchuro, nyota za watoto ni safi.

"Mama Sebati," akasema, "na nyota za Sebati na mumewe zilikuwaje?"

Zilikuwa thelathini na moja. Kijiji kizima kilizisifu.

Ketaki akaokota nyuzi mbili sakafuni, akazisokota pamoja.

"Kila mtoto hupata uzi mmoja kwa mama na mmoja kwa baba. Jema ana mmoja mzima na mmoja dhaifu. Ule mzima unamshikilia. Jema si mgonjwa, na hataugua selimundu. Lakini akiolewa na mbebaji mwenzake, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumpa mtoto nyuzi zote mbili dhaifu. Ndiyo yaliyompata Munu. Nyota hazionyeshi hilo. Ukoo tofauti hauzuii. Ni damu tu inayosema."

Nilibisha. Nilisema msichana akikataliwa mara moja, watu hawasahau. Wakwe wangekimbia, na jina la binti yangu lingeharibika bure. Kumbe Jema alikuwa mlangoni, Munu mgongoni mwake. Alikuwa amesikia yote.

"Mama, huyu nimembeba mimi," akasema. "Kama wewe huendi kuwaonyesha kadi, nitaenda mwenyewe."

Msichana kujipeleka kwa wakwe kabla ya harusi! Nilimjua, angekwenda kweli. Nikamweleza mume wangu. Alisimamisha mtambo. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kwa nini nilimficha, na hilo liliniuma kuliko kugombezwa. Kisha akaahirisha ile Alhamisi.

Kesho yake mimi na Ketaki tukavuka mfereji. Mama yake Dhaneswar aliisoma kadi, uso ukabadilika. "Kumbe mlitaka kutuletea mgonjwa," akasema. Ketaki akamjibu taratibu kwamba Jema ni mzima, akauliza kama kijana naye amepimwa. Mama akakasirika kabisa. Alisema kwao hakuna mambo hayo. Dhaneswar alikuwa anasikiliza. Akavaa viatu, akasema anakwenda kupima leo leo.

Majibu yakaja baada ya siku chache. Dhaneswar, kijana wa kubeba magunia ya mpunga bila kuhema, alikuwa mbebaji na hakujua.

Ketaki akatukutanisha nyumbani kwetu. Alieleza kwamba hakuna anayewakataza kuoana. Wakitaka, waoane, na kila mimba ipimwe mapema katika hospitali kubwa. Wasipotaka, kila mmoja atafute kwingine. Safari hii hatukuulizwa wazazi, wakaulizwa vijana wenyewe. Dhaneswar alimtazama Munu aliyelala mkekani, akatikisa kichwa. Jema naye akasema hapana. Sitasema uongo, alilia siku mbili. Alikuwa amempenda.

Mama yake Dhaneswar alipoaga alinishika mkono. "Mama mwenzangu, kadi yako imeniokolea mwanangu."

Watu walisema, tena sana. Bwawani wanawake walinong'ona kwamba Jema ana kasoro. Mimi niliyekuwa naogopa maneno nikawauliza kadi za binti zao ziko wapi. Wengi walikuwa hawana. Mwezi huo Ketaki alipata kazi nyingi.

Baada ya miezi saba akaja kuposa Sanatan, mwalimu. Kuhani mwenyewe aliomba nyota na kadi kwa pamoja. Sanatan alikuwa amepimwa, naye hakuwa mbebaji. Ketaki alituhakikishia kwamba watoto wao wanaweza kuwa wabebaji kama mama yao, lakini hakuna atakayeugua. Ndipo baba wawili wakaenda hekaluni.

Mwaka uliofuata Jema alizaa msichana. Siku ya ishirini na moja tulikusanyika kumpa jina. Sebati alikuja na Munu. Siku hizi Munu anakunywa dawa kila siku na anahudhuria kliniki, maumivu yamepungua. Sebati akampakata mtoto wa mdogo wake. Mtoto akaanza kulia kwa nguvu. Sote tukashtuka, kwa mazoea ya miaka, nikainuka mbio.

Sebati akanizuia. Alikuwa anacheka, machozi yanamtoka.

"Kaa, Mama," akasema. "Huyu analia njaa tu."